Kwanini Mbongo akipata likizo anaenda kulekule? Tujadili nini hasa kinatufanya tuchague pa kutembea

KifimboMoro (mtoa uzi)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Kuna jambo linanikereketa muda mrefu naomba leo tulijadili kwa utulivu.

Mi kazi yangu nakusanya watu, wanachanga hela, tunakodi Kosta tunaenda kutembea. Mikumi sana sana, Udzungwa, Bagamoyo, mara mojamoja Lushoto. Naishi Morogoro ila wateja wangu wengi wanatoka Dar. Na miaka yote hii nasikia kwenye redio na vikao kwamba Mtanzania hatembelei vivutio vyake kwasababu hana utamaduni wa kutalii au hana hela. Mi naona maneno yote mawili hayajafika penyewe.

Tuanze na hela. Kiingilio cha Mtanzania mtu mzima Mikumi ni 5,000, Serengeti 10,000, VAT inakaa juu yake. Sasa huyu anayeniambia Mikumi hana hela nakutana naye Jumamosi kwenye sendoff, mchango kalipa laki, kitambaa cha sare kanunua, fundi kamlipa, na anacheza kwaito mpaka saa saba. Wala simlaumu, hata mi nachanga. Nachotaka tuone ni kwamba hela huwa inapatikana pale ambapo watu wake wapo.

Na utamaduni wa kusafiri tunao tena mkubwa tu. Nendeni stendi ya Magufuli pale Mbezi tarehe 20 Desemba mkaone watu wa Moshi na Arusha wanavyogombania siti, mtu anasafiri kilomita zaidi ya 500 na watoto watatu na mabegi na zawadi za bibi na hajalazimishwa na mtu. Sema yeye haiiti utalii, anaita kwenda nyumbani. Alaf akishafika huko anafanya nini? Anapeleka watoto Materuni kuona maporomoko, anawapeleka Chemka wakaogelee kwenye yale maji ya bluu, wanaenda geti la Marangu kupiga picha. Utalii umefanyika pale ndugu zangu, sema aliyechagua mahali ni bibi wa Kibosho na siyo bango la barabarani.

Kwahiyo hoja yangu ni hii, sisi hatuanzi kuchagua sehemu, tunaanza kuchagua watu wa kwenda nao, sehemu inafuata nyuma. Nikitupia safari kwenye grupu la WhatsApp swali la kwanza siyo "simba wapo?" Swali la kwanza ni "nani wengine wanaenda?" La pili tunalala wapi na choo kiko ndani au nje. La tatu chakula. La nne tunarudi saa ngapi maana Jumatatu kazini. Simba anakuja kuulizwa huko mbele tukishafika Chalinze.

Nilishawahi kupeleka kikundi cha kinamama wa vikoba, kumi na nane, mwisho wa mwaka baada ya kuvunja kikundi na kugawana. Walikuwa wanabishana wiki mbili nzima nusu wanataka Zanzibar nusu Mikumi. Mnajua kilichoamua? Mwenyekiti wao ana mkwe wake anakaa pale Mikumi mjini, akasema nitawapikia mimi ubwabwa na kuku wa kienyeji. Mjadala ukaishia hapo. Zanzibar na bahari yake yote ilishindwa na mkwe mmoja mwenye sufuria kubwa, na wale kinamama walifurahi safari ile sijaona, mpaka leo wananitumia picha.

Wasomi wa mambo haya wanagawa sehemu mbili, kuna mtu anaitwa Graham Dann aliandika mwaka 1977 kwamba kuna kinachomsukuma mtu atoke kwake na kuna kinachomvuta kule anakokwenda. Sisi matangazo yetu yote ni ya kuvuta, mlima, wanyama, fukwe. Kinachomsukuma Mbongo atoke kwake Mbagala Jumamosi asubuhi hatujakaa tukamuuliza.

Basi naomba kila mtu aseme ukweli wake: mara ya mwisho ulipotoka kutembea ndani ya nchi ulienda wapi na NANI alichagua?

KondaMstaafu

Mkuu umenigusa. Mi nimekula vumbi la Dar Mbeya miaka kumi na minne. Ile barabara inapita katikati ya hifadhi ya Mikumi karibu kilomita 50, na pale dereva lazima apunguze mwendo maana ukigonga mnyama faini inakuhusu. Basi kila siku ni yaleyale, abiria waliokuwa wanakoroma wote wanaamka, upande wa kulia wanahamia kushoto, twiga huyo, tembo hao, simu juu. Tukitoka hifadhini kila mtu anakaa anasema haya, Mikumi nimeshafika.

Hiyo kitu inafanya kazi pande mbili. Wengine inawamaliza hamu, anajiuliza nilipe ya nini nikaangalie nilichokiona bure. Lakini wengine ndio inawawasha. Kuna baba mmoja alikuwa anaenda Makambako na mwanae wa kiume, mtoto wa darasa la pili hivi, tulipopita wale nyati mtoto akaanza kulia anataka kushuka, kalia mpaka Ruaha Mbuyuni. Mwaka uliofuata nikamkuta yule baba stendi ya Mikumi na familia nzima, akanikumbuka, akaniambia konda huyu mtoto hajanyamaza mwaka mzima, nimemleta. Kwahiyo mi nasema wanaochagua ni watoto, sisi tunalipa tu.

MamaWawiliTabata

Konda kaongea kweli kabisa. Mi nina wawili na jibu la swali lako kaka ni kwamba mara ya mwisho nilienda Bagamoyo na aliyechagua ni umbali. Kama kilomita 70 tu kutoka mjini, mdogo akitapika narudi. Tulienda Kaole tukaona yale magofu ya msikiti na makaburi, mkubwa akauliza maswali mpaka mtembezaji akachoka yeye, tukala samaki, jioni tupo nyumbani.

Ila niseme na hili maana wanaume mnaopanga safari huwa mnalipita. Mi nikisikia sehemu nzuri kabla ya kuuliza bei nauliza choo. Nauliza maji. Nauliza zahanati iko umbali gani, kama mbu ni wengi, kama kitandani chandarua kipo na hakijatoboka. Hizi habari haziko kwenye tangazo lolote, kwenye tangazo kuna simba kakaa juu ya jiwe. Nazipata kwa mama mwenzangu aliyekwenda. Akisema "shoga usipeleke watoto kule" basi imeisha, hata waweke ofa ya bure siendi. Na akisema nenda, naenda bila hata kuangalia picha.

Na sisi ni Waislamu, mama mkwe nikitoka naye lazima nijue jikoni wanapika nini na pa kuswalia papo. Sioni aibu kuuliza. Kuna sehemu moja nilipiga simu kuuliza hivo yule dada wa mapokezi akajibu kama namsumbua. Tukabadilisha, hela yetu ikaenda kwingine.

MwalimuWaKyela

Habari wadau. Niongeze kitu ambacho sijaona mtu kasema. Sisi watumishi wa umma nauli ya likizo tunalipwa mara moja kila baada ya miaka miwili, na inakokotolewa mpaka nyumbani ulikojaza kwenye taarifa zako. Mimi nafundisha Singida, kwetu Kyela. Kwahiyo hata mwajiri wangu akinisaidia kusafiri ananisaidia kwenda kwetu. Ukiwa na mke na watoto na nauli ya kwenda kwenu ipo mkononi, utaanza vipi kufikiria Kilwa?

Lakini jamani kwetu penyewe sikuwa napaona. Nimezaliwa pale, Daraja la Mungu nimepita mara ngapi sijui, Ziwa Ngozi nilikuwa nalisikia tu, Matema tulikuwa tunaenda kuoga kama watu wanavyoenda mtoni. Mpaka mwalimu mwenzangu wa Tanga aliponiomba likizo moja nimchukue akaone kwetu. Nikampandisha Ngozi, tumefika juu ukungu umefunika hatuoni kitu, tukakaa kama nusu saa ukafunguka ziwa likatokea chini kule la kijani, yule bwana akanyamaza kimya. Baadae nikampeleka Lyulilo kwenye gulio la vyungu vya Wakisi, akanunua vitatu akavibeba mapajani mpaka Singida. Mi nilikuwa namtazama yeye kuliko ziwa. Toka siku hiyo nikienda nyumbani natembea kama mgeni na watoto wangu wamepajua kwao.

Kwahiyo nakubaliana na mtoa uzi kuhusu watu, ila naongeza kwamba mara nyingi sehemu nzuri iko njiani kwenda kwa huyo bibi, kinachokosekana ni mtu wa kukwambia simama hapa.

ArushaKwetu

Mtoa uzi naheshimu kazi yako ila hapa napingana na wewe. Umepiga hesabu ya geti ukasema hela siyo tatizo. Geti siyo safari. Njoo huku kaskazini nikuoneshe. Kiingilio ni hiyo 10,000 sawa, sasa utaingia na nini? Kreta ya Ngorongoro huwezi kushuka na kigari chako cha kutembelea mjini, lazima gari ya fowili. Ukikodi Landkruza la watalii na dereva na mafuta andaa laki tano kwenda juu KWA SIKU. Serengeti huendi ukageuza siku hiyohiyo kwahiyo siku tatu, hapo hujalala hujala. Familia ya watu wanne inamaliza milioni mbili na nusu ikicheza. Mshahara wa mwalimu hapo juu unaujua.

Na vyumba. Miaka yote lodji za huku zilitangaza bei kwa dola, na tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za ndani kutangazwa kwa fedha za kigeni, jambo zuri nalisifu, lakini sehemu nyingi nilizopita wamechukua ileile dola wakaizidisha ikawa shilingi. Namba imebadilika mfuko haujabadilika.

Kwahiyo usiwaambie watu tatizo ni bibi wa Kibosho. Watu wanaenda kwa bibi kwasababu kwa bibi kitanda bure, chakula bure, na ndizi za kurudi nazo. Ni uamuzi wa akili kabisa wa mtu mwenye hela ndogo.

KifimboMoro (mtoa uzi)

ArushaKwetu asante, na hapo umenikamata. Kweli nimehesabu kwa macho ya mtu wa Morogoro ambaye hifadhi iko mlangoni na Kosta inaingia. Kwa kaskazini gari ndio kiingilio chenyewe. Nakubali.

Ila ona kwamba hata hapo jibu linarudi kwenye watu. Laki tano ya Landkruza ukiwa peke yako na mkeo inakuua, mkiwa saba ni elfu sabini na kidogo kila mtu. Kinachokosekana ni wale watano wengine ambao unawaamini kukaa nao ndani ya gari siku tatu. Mzungu anajiunga na watu asiowajua wanagawana gari, sisi wengi hatufanyi hivo, tunataka watu tunaowajua au angalau mmoja anayemjua mwenzake. Kazi yangu mimi ukiitazama vizuri ni hiyo tu, kuwajuanisha watu. Hifadhi zipo tangu zamani.

Na kulala, wengi hawajui kwamba ndani ya hifadhi kuna mabanda na hosteli za TANAPA wenyewe, lile shirika la hifadhi za taifa, Mikumi ipo, Ruaha pale Msembe yapo, bei siyo ya lodji. Hayajanakshiwa ila ni safi na usiku unasikia fisi. Wengi ninaowapeleka hawajawahi kuambiwa kama yapo.

Nikuongeze na treni. SGR ilipoanza Dar Morogoro Juni 2024, nauli ya kawaida 13,000, chini ya masaa mawili umefika, nimeona kwa macho yangu aina mpya ya mgeni. Vijana wanashuka asubuhi Jumamosi, wanapanda Morning Side huko Uluguru, wanapiga picha, wanakula, jioni wanarudi Dar. Mlima ulikuwepo siku zote na basi lilikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni kwamba sasa ana uhakika atarudi usiku huohuo, foleni ya Kibaha haimhusu. Uhakika wa kurudi una nguvu kuliko mnavyodhani.

MkaziWaNairobi

Salamu kutoka Kenya majirani. Hilo la treni sisi tumeliona mapema. SGR ya Nairobi Mombasa ilianza 2017, ekonomi ikaja kufika shilingi elfu moja ya Kenya, toka Januari 2024 ikawa 1,500, na bado Desemba tiketi zinaisha kabla hujafungua simu. Kila mtu anataka Coasto, yaani Pwani. Na sisi pia wengi tunaenda kwa makundi, chama cha akina mama, wafanyakazi wa ofisi moja, wale mliosoma nao.

Kitu kimoja cha kwetu: mahoteli ya Pwani yalitujali zaidi wageni wa nje walipopotea, kwanza baada ya vurugu za uchaguzi za 2007 na 2008, halafu tena wakati wa korona. Bei zikashuka, wakaanza kututangazia sisi, na wananchi wakajaza vyumba. Mtu akishaenda mara moja na kupokelewa vizuri anarudi, na analeta dadake. Kwa hivyo kupokelewa ni kitu kikubwa, msikisahau.

BintiPangani

Huyo wa Nairobi kagusa nilichotaka kusema. Kupokelewa. Mi napenda kusafiri na napenda kusafiri mwenyewe, nina miaka 29, najilipia. Nilifika lodji moja hivi, nisiitaje, mlinzi getini kanisalimia kwa Kiingereza, nikajibu kwa Kiswahili sura ikabadilika, swali la pili "umekuja na nani?" La tatu "unamfuata mgeni gani?" Niliumia sana. Nimelipa kama wengine, nakaa kwenye nchi yangu, naulizwa nimemfuata nani. Sijarudi na nimewaambia wenzangu wote. Wasichana tunaambizana, kuna orodha ya sehemu tunazopeana za kulala ambazo mwanamke peke yake haulizwi kitu na mlango unafungwa vizuri kwa ndani. Hiyo orodha ndio inanipangia safari zangu, siyo Instagram.

Ingawa Instagram nayo sitaidharau. Magoroto kule Muheza kwetu Tanga nani alikuwa anapajua huko Dar miaka kumi iliyopita? Picha za lile ziwa na ule msitu ndizo zimewaleta watu. Watu wazima wanawasema vijana eti wanafuata picha tu, mi nasema waacheni. Aliyefuata picha Magoroto kesho anauliza na msitu wa Amani uko wapi, keshokutwa namsindikiza Pangani tunapanda boti kwenda Maziwe kile kisiwa cha mchanga, maji yakijaa kinazama karibu chote. Picha ilikuwa mlango tu.

MtuWaKilwa

Huku kusini hata huo mlango hatuna. Kilwa Kisiwani iko kwenye urithi wa dunia tangu 1981, msikiti mkubwa upo, Husuni Kubwa ipo, ukivuka kwa boti kutoka Masoko unafika muda mfupi tu. Lakini mtu wa Dar akisikia Kilwa anauliza barabara. Na ana haki. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita mvua zikakata barabara maeneo ya Somanga, magari yakalala njiani siku kadhaa, malori ya chakula, wagonjwa, watu na watoto. Barabara ilirudi, lakini ile picha ya watu wamekwama imebaki vichwani kuliko picha ya magofu.

Ndo maana namkubali mtoa uzi aliposema uhakika wa kurudi. Mtu hachagui sehemu ambayo hajui namna ya kutoka. Mje kuanzia Juni mpaka Oktoba, mvua hakuna, pweza yupo, nauli ya basi mnaimudu. Nawaombeni mje, wazee wanaojua historia ya pale wanapungua.

MamaWawiliTabata

Kaka Kifimbo nimesoma yote mpaka chini, nimeona aibu kidogo kwamba Mikumi sijafika na naiona kwenye ramani ni jirani. Nina swali, treni mpaka Moro nimeelewa, kutoka hapo mpaka getini ni usafiri gani na watoto wanalipaje? Mkubwa ana miaka tisa mdogo mitatu na nusu. Na mama mkwe nataka nimbebe, miguu inamsumbua.

KifimboMoro (mtoa uzi)

Mama shikamoo yake mama mkwe mfikishie. Mdogo halipi kabisa, chini ya miaka mitano getini ni bure, mkubwa analipa ya mtoto. Njoo na kitambulisho chako na cha mama, NIDA inatosha, bila hicho watakuhesabu mgeni. Getini hawapokei keshi, unapewa kontro namba unalipa kwa simu, kwahiyo weka salio kabisa Moro mjini maana mtandao kule unasumbua. Kutoka stesheni kama kilomita 100, nina Haisi ya mtu namuamini, inaenda taratibu, na pale Doma tunasimama mama anyooshe miguu.

Choo cha mabanda kiko ndani, maji yapo, chandarua nitakagua mwenyewe siku moja kabla nikutumie picha. Jikoni nitaongea na yule mkwe wa mwenyekiti wa vikoba, ni Muislamu pia, anaitwa mama wa ubwabwa pale mjini. Mnakuja mko wangapi? Na kuna mwingine hapa wa kujiunga nao, maana Haisi ina nafasi na ningependa mama awe na mzee mwenzake wa kuongea naye njiani.

KondaMstaafu

Mwandike mke wangu. Miaka yote ile nimempitisha pale, hata siku moja hatujashuka.